Dakika 18 za kuvaa na kuvua: kesi ya kiwanda cha nyama cha Storm Lake

Mtu aliyewahi kufanya kazi kiwandani anajua kwamba saa ya kufika na saa ya kuanza ni vitu viwili. Unaingia getini, unaenda kwenye kabati lako, unavaa, unaosha, unatembea mpaka kwenye laini, ndo mkanda unaanza kwenda. Sasa hapo katikati uko kwa nani? Uko kwako au uko kwa bosi? Na kama uko kwa bosi, nani anakulipa?

Swali hilo hilo dogo ndo liliwafikisha Tyson Foods, moja ya kampuni kubwa kabisa za nyama Marekani, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi yao, na tarehe 22 Machi 2016 wakashindwa kwa kura 6 kwa 2. Kesi inaitwa Tyson Foods dhidi ya Bouaphakeo. Nimeirudia mara nyingi sana hii kesi, na kila nikikutana na mtu anayesimamia kiwanda namwambia aanze na hii kabla ya nyingine yoyote, maana kilichoiangusha kampuni kubwa namna ile, yenye mawakili wa kila aina, ni kitu ambacho karani mmoja mwenye saa na daftari angeweza kukizuia. Hawakuandika dakika.

Twende taratibu.

Kiwanda kiko Storm Lake, mji mdogo jimbo la Iowa, kinachinja na kukata nguruwe. Waliodai walitoka idara tatu: ya kuchinja, ya kukata, na ile ya kupunguza mafuta na kusafisha vipande kabla ya kufungwa. Kazi yenyewe ni ya visu vikali, sakafu yenye maji, baridi, kelele, na laini isiyomsubiri mtu. Kwahiyo huwezi kuingia na nguo zako za nyumbani. Fikiria mtu wa kisu anavyojiandaa kwenye viwanda vya namna hii: wavu wa nywele, helmeti, viziba masikio, koti la kazi, aproni, buti, halafu glavu, na juu ya glavu glavu nyingine ya nyavu za chuma, na wengine wanavaa mpaka aproni ya nyavu za chuma, kinga ya mkono ya plastiki ngumu, kinga ya miguu, mkanda wenye ala ya kisu na chuma cha kunolea. Vingine vinavaliwa kwenye makabati, vingine karibu na laini. Ukitoka, unavua kimoja kimoja, unaosha, unarudisha mahali pake. Si wote walivaa vyote, kila mtu alivaa kulingana na kazi yake, na hilo likumbuke maana kampuni ililishika kama ngao yake kuu baadaye.

Sasa malipo yalikuwaje? Msingi wake ulikuwa kile walichokiita muda wa genge, yaani unalipwa kwa muda ambao uko kwenye nafasi yako na mkanda unatembea, basi. Mwaka 1998, baada ya amri ya mahakama ya shirikisho na kesi ya Wizara ya Kazi ya kuisimamia amri hiyo, kampuni ikaanza kuongeza dakika 4 kwa siku, wakaipa jina K-code. Dakika 4 zilikuwa makadirio yao wenyewe ya muda wa kuvaa na kuvua. Halafu mwaka 2007 wakabadilisha tena, wengine wakawa wanaongezewa dakika kati ya 4 na 8, na wengine hawakuongezewa chochote juu ya ule muda wa genge. Miaka yote hiyo, kabla na baada, hakuna hata mara moja kampuni iliyoandika kila mtu anatumia muda gani hasa kuvaa na kuvua.

Mwaka huo huo wa 2007 wafanyakazi wakaenda mahakamani.

Hapa ngoja niseme kitu kuhusu historia, kwasababu bila hiyo unaweza kudhani kampuni ilishtukizwa. Haikushtukizwa hata kidogo. Mwaka 1946 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kiwanda cha vyombo vya udongo huko Michigan, Mt. Clemens Pottery, wafanyakazi kama 1,200, ambapo watu walikuwa wanagonga kadi, wanatembea mpaka kwenye meza zao, wanavaa aproni, wanawasha mashine, na huo muda haukuhesabiwa. Mahakama ikasema maneno ambayo ndo uti wa mgongo wa hii kesi yetu ya Storm Lake miaka 70 baadaye: kutunza kumbukumbu za saa za kazi ni wajibu wa mwajiri kisheria, kwahiyo kama mwajiri hakutunza, mfanyakazi asiadhibiwe kwa kushindwa kutaja dakika kwa usahihi. Akishaonyesha kwamba kazi ilifanyika bila malipo, na akaleta makisio ya haki na yenye mantiki ya kiasi chake, mzigo unahamia kwa mwajiri, aje yeye na takwimu sahihi au avunje hayo makisio. Na kama hana, mahakama inaweza kutoa fidia hata kama hesabu ni ya kukadiria.

Baada ya uamuzi ule madai yalimiminika viwandani, mpaka Bunge la Marekani likapitisha sheria mwaka 1947 ya kupunguza makali, ikasema kutembea kwenda kwenye kazi yako na shughuli ndogo za kabla na baada hazilipwi. Waajiri wakapumua. Lakini mwaka 1956 ikaja kesi ya kiwanda cha betri, Steiner dhidi ya Mitchell, watu wanashika madini ya risasi na asidi kutwa nzima, lazima wabadili nguo na waoge kabla ya kurudi kwa watoto wao, na mahakama ikasema hapana, kama kuvaa na kuoga ni sehemu isiyotengeka na kazi kuu basi hiyo nayo ni kazi, ilipwe. Siku hiyo hiyo wakaamua na kesi ya wachinjaji waliokuwa wananoa visu nje ya saa za shifti. Kunoa kisu kwa mtu ambaye kazi yake ni kukata nyama ni kazi. Ukifikiria unaona ni akili ya kawaida kabisa, kisu butu kwenye laini ile ni hatari kwa anayekishika na kwa jirani yake.

Halafu mwaka 2005, hii ndo inaniuma zaidi, Mahakama ya Juu ikaamua IBP dhidi ya Alvarez, kiwanda cha nyama kilichoko Pasco, jimbo la Washington, na majaji wote 9 wakakubaliana: ukishavaa vifaa vya lazima vya kipekee vya kazi, siku yako ya kazi imeanza, kwahiyo hata kutembea kutoka kwenye makabati mpaka kwenye laini kunalipwa. IBP ni nani? Ni kampuni ambayo Tyson iliinunua mwaka 2001. Kiwanda cha Storm Lake chenyewe kilikuwa cha IBP. Ile amri ya miaka ya tisini iliyozaa K-code ilikuwa ya IBP. Yaani hawa watu walikuwa wameshashindwa, wameshaagizwa, wameshaambiwa na mahakama ya juu kabisa kwa kura zote, na miaka miwili baadaye wanapanga upya malipo ya dakika bila kununua hata saa ya kupimia. Ukinunua kiwanda unanunua na mazoea yake na madeni yake, na wanunuzi wengi wanakagua mashine na majengo, hawakagui daftari la mahudhurio.

Turudi Iowa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inasema ukizidisha saa 40 kwa wiki unalipwa mara moja na nusu. Kwahiyo ishu haikuwa tu kama kuvaa ni kazi, ilikuwa pia kama hizo dakika zinamvusha mtu saa 40. Chukua mtu aliyefanya saa 39 na nusu za mkanda kwa wiki. Kwenye karatasi hana ovataimu. Mwongezee dakika 18 kwa siku kwa siku 5, hizo ni dakika 90, anafika saa 41. Sasa ana saa moja ya ovataimu ambayo hajalipwa. Mwingine amefanya saa 36 tu, mwongezee hizo 90, bado hajafika 40, kwa hesabu hii ya ovataimu hana dai. Ndo maana hii kesi ni ya kalamu na karatasi kuliko watu wanavyodhani.

Wafanyakazi 444 walijiunga wenyewe chini ya sheria ya shirikisho, ambayo inataka kila mtu aseme kwa maandishi kwamba nipo. Lakini chini ya sheria ya malipo ya mshahara ya jimbo la Iowa mahakama iliruhusu kundi zima, watu 3,344, waingie kwa pamoja bila kila mmoja kutia sahihi. Hapo kampuni ikapiga kelele. Hoja yao ilikuwa: hawa watu hawafanani. Huyu ana kisu, yule hana. Huyu anavaa glavu tatu, yule moja. Huyu ana haraka, yule anapiga stori kwenye makabati. Utawawekaje kwenye kapu moja?

Na kiukweli hoja siyo ya kipuuzi. Sitaki mtu asome hapa akadhani kampuni haikuwa na la kusema. Ukimlipa kila mtu wastani, kuna mtu wa dakika 8 atapata asichostahili na kuna mtu wa dakika 30 atadhulumiwa. Jaji Thomas, aliyepinga uamuzi akiungwa mkono na Jaji Alito, aliandika kwa nguvu juu ya hilo.

Lakini wastani ulitoka wapi? Mawakili wa wafanyakazi walimleta mtaalamu wa mahusiano ya kazi viwandani, Dk. Kenneth Mericle, akachukua video za watu wakivaa na kuvua na kutembea, jumla ya matukio 744 yaliyorekodiwa, akapima. Akapata wastani wa dakika 18 kwa siku kwa idara ya kukata na ile ya kupunguza mafuta, na dakika 21.25 kwa idara ya kuchinja. Halafu mtaalamu wa pili, Dk. Liesl Fox, akachukua rekodi za kampuni yenyewe za saa za kila mtu, akaongeza zile dakika kwa kila mfanyakazi wiki kwa wiki, akaona nani anavuka 40 na nani havuki. Watu 212 walionekana hawakuvuka kabisa. Jumla ya deni kwa hesabu yake ikawa kama dola milioni 6.7.

Linganisha hapo. Kampuni ilisema 4. Kamera ilisema 18. Ukitoa hizo 4 zinabaki 14 kwa siku, kwa wiki ya siku 5 ni dakika 70, kwa wiki 50 za mwaka ni zaidi ya saa 58. Ni zaidi ya wiki nzima ya kazi mtu anaitoa bure kila mwaka, akiwa amevaa nyavu za chuma.

Mimi nimekaa miaka kwenye meza ya mahudhurio kiwandani, kiwanda sikitaji. Na nimeona rejista ambayo safu nzima ya watu 60 imeandikwa wameingia dakika ile ile, kwa kalamu ile ile, kwa mwandiko wa sapavaiza mmoja, wakati kila mtu aliyekuwepo anajua kulikuwa na watu pale nusu saa kabla wanatafuta buti za saizi yao. Sapavaiza hakuwa mwizi. Alifundishwa hivyo, kwamba siku inaanza mashine ikinguruma. Siku ukipelekwa mahakamani rejista ya namna ile haikutetei, inakuumbua, maana hakuna binadamu 60 wanaoingia mlangoni kwa sekunde moja.

Juri, yaani wananchi wa kawaida waliokaa kusikiliza kesi, waliamua mwaka 2011 kwamba kuvaa na kuvua mwanzo na mwisho wa shifti ni kazi inayolipwa, ila kile cha wakati wa mapumziko ya chakula hakilipwi. Wakatoa karibu dola milioni 2.9, chini ya nusu ya kilichodaiwa. Kwahiyo hawakummeza mtaalamu mzima mzima, walipunguza. Pamoja na fidia ya nyongeza ambayo sheria inaruhusu, ile ya kulipa mara mbili, jumla ikawa karibu dola milioni 5.8. Kampuni ikakata rufaa, ikashindwa mwaka 2014, ikaenda juu.

Pale juu Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika uamuzi, aliuliza jambo moja rahisi. Kama kila mfanyakazi angekuja peke yake, mmoja mmoja, angeruhusiwa kutumia ule utafiti wa video kuonyesha muda wake? Jibu ni ndiyo, kwasababu ya ile kesi ya vyombo vya udongo ya 1946: mwajiri hakuandika, mfanyakazi anaziba pengo kwa makisio yenye mantiki. Sasa kama mmoja anaruhusiwa, kwa nini 3,000 wasiruhusiwe? Wako kiwanda kimoja, wanafanya kazi za kufanana, wanalipwa kwa sera moja. Kampuni ilijaribu kujificha nyuma ya kesi ya 2011 ya Wal-Mart, kampuni ya maduka makubwa, ambayo wanawake wafanyakazi waliodai ubaguzi walizuiwa kwenda kama kundi, lakini Kennedy akasema wale walikuwa na mameneja tofauti na maamuzi tofauti, ushahidi wa mmoja usingemsaidia mwingine. Hawa wa Storm Lake ushahidi wao ni ule ule.

Yaani ile ngao ya kusema hawafanani ikawageukia. Kama kweli watu wana dakika tofauti, nani alikuwa na uwezo wa kuzipima? Nani ana mlango, ana mashine ya kadi, ana maafisa wa mishahara? Wastani ulikuja kwasababu namba halisi hazikuwepo, na hazikuwepo kwasababu mtu mmoja tu aliyekuwa na wajibu wa kuziandika hakuziandika.

Na kuna makosa mawili ya ndani ya kesi ambayo nadhani yanafundisha kuliko hata sheria yenyewe. La kwanza, kampuni haikuupinga rasmi utafiti wa Mericle kabla ya kesi kwa njia ambayo sheria yao inatoa, ya kumwomba jaji autupe kama haukidhi viwango vya kitaalamu, wala haikuleta mtaalamu wake wa kuujibu kwa utafiti. Walikuwa na kiwanda chao wenyewe, milango yao, kamera wangeweka popote, wiki mbili tu za kupima wangekuwa na namba zao. Wakaja mikono mitupu wakabaki kulalamika kwamba za mwenzao si sahihi. Juri ikasikiliza upande wenye namba.

La pili, wafanyakazi waliomba kesi igawanywe, kwanza iamuliwe kama kampuni ina kosa, halafu hesabu za kila mtu zije baadaye. Kampuni ikakataa. Naelewa kwa nini wakili anaweza kukataa, anataka juri iuone mkorogo wote kwa pamoja ichoke iseme hapana. Matokeo yake juri ikatoa namba moja kubwa ya pamoja, na hakuna anayejua walitumia dakika ngapi kuifikia. Dakika 9? 10? Kwa kila idara? Kampuni ilipofika juu ikalalamika kwamba fedha itawafikia na watu ambao hawakudhulumiwa, na mahakama ikasema hilo bado halijafika mezani, lirudi chini likatazamwe wakati wa kugawa, na ikadokeza wazi kwamba tatizo hilo huenda kampuni ndiyo iliyolisababisha yenyewe. Jaji Mkuu Roberts alikubali matokeo lakini akaandika pembeni kuhusu wasiwasi wake, kwamba kama hakuna njia ya kuhakikisha pesa zinaenda kwa walioumia tu, basi hukumu yenyewe inaweza isisimame. Kwahiyo ushindi haukuwa safi asilimia mia, na anayeisimulia kama mahakama imeruhusu wastani kila mahali anawadanganya watu. Kennedy mwenyewe alisema haweki kanuni ya jumla, inategemea utafiti ni mzuri kiasi gani na unatumika kufanya nini.

Sasa mwenye kiwanda afanye nini na haya yote, akiwa chini ya sheria ile ya Marekani au anayesoma ili ajifunze namna ya kufikiri?

Cha kwanza ajue mpaka uko wapi. Si kila dakika ya kuwepo kiwandani inalipwa. Katika ile ya Alvarez majaji walisema pia kwamba muda wa kusubiri kupata kifaa cha kwanza, umesimama kwenye foleni kabla hujavaa chochote, haulipwi peke yake. Sekunde chache zinaweza kupuuzwa, hiyo nayo ilisemwa tangu 1946, ila dakika 18 kila siku kwa watu elfu tatu siyo sekunde chache. Na mwaka 2014 katika kesi ya wafanyakazi wa chuma wa Gary, Indiana, Sandifer dhidi ya U.S. Steel, mahakama ilisema kwamba chama cha wafanyakazi na mwajiri wakikubaliana kwenye mkataba wa pamoja kwamba kubadili nguo hakulipwi, sheria inawaruhusu. Yaani kulikuwa na mlango halali wa kuongea na kukubaliana. Mwajiri anayejiamulia mwenyewe ofisini kwamba ni dakika 4 amejinyima huo mlango.

Cha pili, na hapa nitakaa kidogo, apime kweli. Nimeona watu wakisikia habari hizi wanakimbilia kununua mashine ya vidole wanaiweka mlangoni kwenye laini, wanadhani wamemaliza. Ukiiweka kwenye laini umepima tena muda wa genge, kwa bei kubwa zaidi. Ikae pale ambapo mtu anachukua kifaa chake cha kwanza cha lazima, na nyingine pale anaporudisha cha mwisho, kisha mshahara usome hizo mbili. Kama unaona foleni inakuwa ndefu, hiyo foleni ni taarifa, inakuambia kabati ziko mbali au glavu za saizi fulani zimepungua au mtu wa stoo anafungua dirisha kwa kuchelewa. Kiwanda kikianza kulipia dakika za kuvaa ndo kinaanza kuzipunguza kwa akili, wanasogeza makabati, wanaongeza masinki, wanapanga vifaa kwa saizi. Zikiwa bure hakuna bosi anayehangaika nazo, mfanyakazi atahangaika nazo mwenyewe gizani alfajiri.

Na kama kweli kupima kila mtu kila siku haiwezekani, basi pima sampuli ya haki, kwa kila idara, kwa kila aina ya kifaa, shifti ya usiku na ya mchana, mzoefu na mgeni wa wiki ya kwanza, mwite na mwakilishi wa wafanyakazi ashike saa pamoja na wewe, muandike, mtie sahihi wote, mrudie kila vifaa vikibadilika. Dakika 4 za 1998 huenda zilikuwa na mantiki yake siku zilipowekwa. Shida ni kwamba zilikaa karibu miaka tisa zikiwa zile zile, na zilipobadilishwa hazikubadilishwa kwa kupima kila mtu.

Cha tatu ni sapavaiza. Huyu ndo mwajiri mbele ya macho ya mfanyakazi. Kama anawaambia vijana waje dakika 20 kabla ili laini ianze ikiwa imejaa, hiyo ni amri ya kazi hata kama haijaandikwa popote, na siku ya kesi atakuwa shahidi, iwe kwa upande wenu au dhidi yenu. Aambiwe wazi: ukimwita mtu mapema, saa yake inaanza mapema. Asipewe lengo la uzalishaji ambalo linawezekana tu kwa kuiba dakika za watu, maana mkimpa lengo hilo nyie ndo mmemtuma.

Nikigawa zile dola milioni 2.9 kwa watu kama 3,100 waliobaki baada ya kuwatoa wale 212, inakuja kama dola 900 na kidogo kwa kichwa kabla ya ile nyongeza, ingawa si kila mtu angepata sawa. Kwa kampuni kubwa hizo si hela za kuitikisa. Ila kwa miaka karibu tisa, tangu 2007 mpaka 2016, walilipa mawakili ngazi tatu za mahakama kupinga hesabu ambayo wao wenyewe hawakuwahi kuifanya. Na uamuzi ulipotoka kesi haikuisha, ilirudishwa Iowa, kwa jaji wa kwanza kabisa, ili aangalie namna ya kuzigawa hizo hela kati ya wale 3,344 ziwafikie walioumia tu.